Hendibreki ilikuwa juu, gari likarudi nyuma

Ilianza kama sauti ya kifaranga. Kwi, kwi, kwi, gari likitembea mwendo wa mtu, hasa asubuhi ninapolirudisha nyuma kulitoa uani. Likishachanganya mwendo, sauti inapotea, nami naisahau. Wiki mbili hivi baadaye kifaranga akanyamaza kabisa. Nilidhani vumbi limejisafisha lenyewe, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi. Kazi yake ni korosho. Kuanzia Oktoba, minada ikikaribia, napeleka magunia matupu vijijini na kurudi na yaliyojaa hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi, huku Newala na upande wa Tandahimba. Miezi mingine nabeba saruji, mabati, wagonjwa, maharusi. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya aina hii mikoa yetu ya Kusini, kwa sababu jambo lililonipata msimu wa mwaka 2019 lingeweza kuniondolea mtoto wa dada yangu, na lilitokana na kitu ambacho dereva yeyote wa Land Rover anapaswa kuambiwa siku anayokabidhiwa ufunguo.

Baada ya kifaranga ikaja dalili ya pili. Nikitoa gia ya kwanza kuingiza rivasi, chini ya sakafu panalia "ko!", mlio mmoja mkavu wa chuma juu ya chuma. Kisha ya tatu: nikifika kilomita sitini kwa saa, kiti kinatetemeka. Nikipunguza, kinatulia. Nikizidisha hadi themanini, kinatulia pia, kwa hiyo nikajizoeza kuivuka ile sitini haraka.

Nilikwenda kwa fundi mmoja. Aliingia kwenye kiti, akachezesha gia mbele na nyuma mara tatu, akasikiliza ile "ko!", akasema giaboksi imekwisha na difu nayo, yaani gia zinazogawa nguvu kwa matairi, inaelekea huko. Bei aliyotaja ilikuwa karibu na faida yangu ya msimu mzima. Hakulala chini ya gari hata dakika moja, nami sikumwomba alale. Nikaamua kubana hadi korosho ziishe, halafu nitafute hela ya giaboksi. Ndivyo nilivyoendelea kupanda na kushuka na shafti inayokufa, ile propela, chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye difu, nikiwaza kitu kingine kabisa.

Aliyewahi kufika Newala anajua mji ulivyokaa ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote, hadi ng'ambo Msumbiji. Vijiji vya bondeni vina korosho nzuri, lakini kuzipandisha huku juu ni kazi ya gia ndogo na uvumilivu. Siku hiyo tulikuwa na magunia kumi na mawili. Nilikuwa na mpwa wangu, utingo wangu, kijana wa miaka kumi na tisa. Kwetu Umakondeni mjomba ana sauti kwa mtoto wa dada yake, na pia ana deni kwake. Dada alinikabidhi nimfundishe gari, akaniambia, "Kaka, huyu ni wako." Maneno hayo ninayo hadi leo.

Kwenye kona ya tatu ya mpando nikasikia kishindo, kisha vyuma vikapigana chini ya miguu yangu kama mtu anayebomoa sakafu kwa nyundo. Injini ikapiga kelele, gari likakosa nguvu. Nikakanyaga breki, nikazima, nikaingiza gia ya kwanza, nikavuta hendibreki hadi juu. Gari likashika. Mpwa wangu akaruka, akaweka jiwe la ukubwa wa nazi nyuma ya tairi moja, akaingia uvunguni na tochi ya simu.

"Mjomba, krosi ya nyuma imekatika. Shafti imelala chini, ila huku mbele bado imeshika."

Krosi ni kiungo kilicho kwenye kila ncha ya shafti. Tukakubaliana tuifungue shafti yote. Nati za propela za gari hili ni za inchi, spana yake ni 9/16. Spana ya 14 inakataa kuingia, na ya 15 inacheza na kula kona za nati. Alifungua nati mbili za chini. Mbili zilizobaki zilikuwa zimegeukia juu, mkono haufiki. Akasema, "Mjomba, toa gia niizungushe."

Nilikuwa nimesimama nje, mlango wazi. Nikaingiza mkono, nikatoa gia. Hendibreki ilikuwa bado juu, niliiona kwa macho yangu.

Shafti haikuzunguka hata kidogo. Gari ndilo lililoondoka.

Nilisikia tairi likipanda lile jiwe na kulitema. Nikajirusha ndani, tumbo juu ya kiti, kichwa chini ya usukani, nikasukuma pedali ya breki kwa mikono miwili. Injini ilikuwa imezimwa, na pedali isiyosaidiwa na injini ni ngumu kama ukuta. Nilisukuma hadi nikahisi bega linataka kuchomoka. Gari likasimama. Kukawa kimya. Nikaita jina lake. Hakujibu mara ya kwanza. Mara ya pili akasema, taratibu, "Nipo. Usiachie."

Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limekanyaga fulana yake. Nyama haikuguswa, lakini kitambaa kuanzia kwapani kushuka kilikuwa kimezama mchangani chini ya mpira, naye amebanwa pale ubavuni, uso umegeukia tairi. Hakuweza kujivuta, na mimi sikuweza kuinua mkono wangu hata kuifikia gia. Nilimsikia akiichana fulana ile kidogo kidogo, uzi kwa uzi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kipya na imara. Sijui ilichukua muda gani. Mikono yangu ilianza kutetemeka kwenye pedali, nikawa namwomba Mungu mikono isiteleze kwa jasho. Alipotoka, kifua wazi, hakusema neno. Alikwenda kutafuta magogo, akaweka moja nyuma ya kila tairi, akaja upande wangu, akaingiza gia yeye mwenyewe, ndipo akanigusa mgongoni.

Mtandao pale mpandoni ulishika. Nikampigia fundi mzee mmoja wa Newala ambaye amefanya kazi na Land Rover tangu ujana wake. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akauliza kwanza kama kijana ni mzima. Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka minne ya kumiliki gari lile sikuwa nimelijua.

Hendibreki ya Defender haishiki tairi. Kuna ngoma moja tu ya breki, imefungwa nyuma ya transfa, giaboksi ya pili iliyo nyuma ya ile kubwa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ukivuta hendibreki unaifunga ngoma ile, ngoma inaifunga shafti, shafti inaifunga difu, difu inayafunga matairi ya nyuma. Shafti ikikatika, mnyororo wote umekatika. Ngoma inabaki imeshika chuma kisichoshika kitu. Ndiyo maana shafti ilikataa kuzunguka mikononi mwa mpwa wangu: hendibreki ilikuwa inafanya kazi yake barabara, ila matairi hayakuwa tena upande wake. Kilichokuwa kimelizuia gari ni ile gia ya kwanza, kupitia propela ya mbele, nami niliitoa kwa mkono wangu. Gari hili matairi yote manne huendeshwa wakati wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kama difuloku, kifungo cha difu hiyo ya katikati, haijafungwa, upande mmoja ukishikwa, ule mwingine uko huru kuzunguka.

Mzee alinieleza zaidi: hata shafti ikiwa nzima, ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, hendibreki peke yake haitoshi. Lile lililoinuliwa litazunguka, na lenzake lililo chini litazunguka kinyume, gari litaporomoka kwenye jeki. Nimekutana na madereva wa miaka mingi wasiojua hilo.

Akatuelekeza namna ya kurudi. Shusha mzigo wote. Magogo yasitoke. Fungua shafti, itoe, usiiache ining'inie. Funga difuloku, hakikisha taa yake imewaka kwenye dashibodi, ingiza gia ndogo za transfa, uje na propela ya mbele taratibu. Bila difuloku nguvu yote ingekwenda pale ambapo shafti haipo, na gari lisingesogea. Vijana wa kijiji walikuja kushusha magunia, wakasukuma kwenye kona mbili ambazo matairi ya mbele yalikuwa yanakwangua mchanga tu. Magunia yalilala njiani chini ya ulinzi wao, na kesho yake yote kumi na mawili yalifika. Nawashukuru hadi leo.

Usiku ule nilikwenda kwa dada. Nilimweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Alichukua ile fulana iliyochanika, akaikunja, akaiweka ndani, hakunijibu mpaka asubuhi.

Kwa fundi mzee, siku iliyofuata, ndipo nilipojifunza kuisoma propela. Aliiweka shafti kwenye jiliwa, akatuita wote wawili tusogee. Krosi, kwa asiyeijua, ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba. Kila ncha ya msalaba imevaa kikombe, na ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba zilizopangwa kuzunguka ncha, ndizo beringi zake. Krosi ndiyo inayoiruhusu shafti kupinda huku inazunguka, maana difu inapanda na kushuka na springi na transfa imetulia palepale. Katika vikombe vya krosi yangu hapakuwa na sindano. Palikuwa na unga. Unga mwekundu, mkavu, kama udongo wa Kitangari, nikaupondaponda kwa vidole nisiamini kuwa ulikuwa chuma.

"Hizi ndizo sindano zako," mzee alisema. "Zililia kwa kukosa grisi, hukuzisikia. Zilipokwisha kusagika zikanyamaza."

Kumbe ule ukimya niliomshukuru Mungu kwa ajili yake ndio uliokuwa hatari yenyewe.

Krosi ya upande wa pili ilikuwa bado imeshikilia, lakini alipoitoa tuliona kwenye kila ncha mistari iliyochimbika, sawasawa na sindano zilivyolala. Ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo nayo ilikuwa imekwisha. Akatuma zinunuliwe mbili, na akasisitiza tupeleke ile ya zamani dukani ikapimwe, kwa sababu krosi za Land Rover ziko za ukubwa unaopishana kwa milimita chache, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote mbili, pamoja na nati mpya zenye plastiki ndani, hazikufika hata sehemu ya kumi ya bei niliyotajiwa ya giaboksi.

Kabla ya kuitenganisha shafti pale katikati inaporefuka na kufupika, alipiga alama kwa patasi pande zote mbili. Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma jinsi yalivyolala mstari mmoja. Ukiirudisha umekosea hata jino moja, alisema, shafti itatetemeka na krosi mpya zitakufa kabla ya mvua.

Kisha akampa mpwa wangu kazi, mimi nikatazama. Akasafisha masikio ya shafti kwa mafuta ya taa na kitambaa, akaondoa kutu kwenye mifereji ya saklipu, vile vipete vinavyozuia vikombe visitoke. Akavitoa vikombe vipya, akahakikisha sindano zimesimama zote, zimeshikwa na grisi. Akaingiza msalaba, akaanza kubana vikombe viwili kwa jiliwa, kimoja kila upande. Kikombe cha kwanza kiliingia, saklipu ikakaa, "tik". Cha pili kikagoma. Kilibaki kama unene wa kucha nje ya mfereji. Mpwa wangu akashika mpini wa jiliwa akitaka kuongeza nguvu.

Mzee akaweka kiganja juu ya mkono wake. "Toa."

Akakitoa kikombe. Chini kabisa, imelala kifudifudi kwenye kitako cha kikombe, ilikuwepo sindano moja iliyoanguka. Nyembamba hivyo, na ilikuwa imezuia kila kitu. Angeongeza nguvu, ama kikombe kingepasuka, ama sindano ingevunjika ndani, tukafunga gari na kwenda nalo bondeni likiwa na ugonjwa uleule. Aliisimamisha kwa ncha ya bisibisi, akaongeza grisi, akabana tena kwa upole. Tik.

Krosi ikawa ngumu kidogo kuchezesha kwa mkono. Mzee akagonga sikio la shafti kwa nyundo, mara moja tu, kutokea ndani kwenda nje, vikombe vikarudi kukaa kwenye saklipu, na msalaba ukalegea, ukawa unakwenda pande zote bila kukwama na bila kucheza. Akasema hiyo ndiyo hali inayotakiwa: isikwame, isicheze.

Siku ileile alinifundisha namna ya kupima, na ninaamini hiki ndicho alichopaswa kunifanyia yule fundi wa kwanza. Gari pahali tambarare, limezuiwa kwa magogo mbele na nyuma, gia imetolewa, hendibreki imeachiwa. Lala chini, shika shafti kwa mkono mmoja na flenji, lile bamba inapofungwa kwa nati, kwa mkono wa pili, zungusha kinyume. Vikienda pamoja, kidogo, halafu vikakwama pamoja, huo ni uwazi wa meno ya difu na giaboksi, na gari la umri ule lazima liwe nao. Kimoja kikisogea na kingine kimetulia, krosi imekwisha. Ni kazi ya dakika mbili. Angalia pia pembeni mwa vikombe: ukiona wekundu wa unga, usisubiri mlio.

Grisi sasa siipimi kwa kilomita peke yake. Kila wiki mbili za msimu napiga, na kila gari likiingia kwenye maji yaliyofika ekseli napiga siku hiyohiyo, kwa sababu maji yanaingia kwenye vikombe na kubaki humo. Propela ya nyuma ina nipo tatu, vichuchu vya kupigia grisi: moja kila krosi na moja pale katikati. Kwenye krosi nasukuma mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikitoka kimoja tu na vingine vikakataa, nachezesha shafti, nasukuma tena. Ile ya katikati hainihitaji niwe mkarimu, ukiijaza kupita kiasi shafti inakosa pa kufupikia.

Na nabeba krosi mbili kwenye boksi la vifaa, zimefungwa kwenye nailoni, pamoja na saklipu na ile 9/16. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam huko Kilwa, spea hazikufika huku kwa siku kadhaa, na kuna magari yalilala yakisubiri. Jirani yangu mwenye Land Rover alikuja usiku kuulizia. Nilimpa moja.

Mpwa wangu siku hizi ana karakana yake ndogo Tandahimba. Fundi mzee alimpa vigingi viwili vya mpingo, masalia ya wachongaji, vizito kama chuma, akavichonga mwenyewe pembe moja iingie chini ya tairi. Nilipopita kwake mwezi uliopita kupima krosi ya mbele, nilisimamisha gari, nikazima, nikaweka gia, nikavuta hendibreki. Hakuitazama hendibreki. Alizunguka gari na vile vigingi, akavigonga kwa kisigino kimoja kimoja, akaweka na jiwe mbele, akaniomba nishuke na nikae pembeni, mikono nje ya mlango. Ndipo akalala chini.